Kinyanyulio cha goti kinapokusumbua, anza kwa kukitoa

Fundi aliyezoea cherehani ya miguu akihamia mashine ya kiwandani, kasi humtisha siku mbili tatu tu. Kinachomkera kwa muda mrefu ni ile pedi nyeusi inayoning'inia chini ya meza upande wa kulia, inayomgonga gotini kila akijisogeza. Wengine hawaipi hata wiki. Wanaifungua, wanaitupa kwenye droo pamoja na sindano zilizovunjika, kisha wanaendelea kunyanyua mguu wa mashine kwa mkono kama zamani. Mimi nilikaa hivyo karibu mwaka mzima, kwa hiyo simcheki mtu.

Kazi ya kinyanyulio ni moja. Ukisukuma pedi kwa goti kwenda kulia, mguu wa mashine unanyanyuka, ukiiachia, unashuka. Mikono yote miwili inabaki kwenye kitambaa. Anayeshona kola, mifuko na marinda ya sketi za shule kuanzia Desemba mpaka shule zifunguliwe anajua mkono wa kulia unatoka mara ngapi kwenye kazi kwenda kukitafuta kishikio cha nyuma, na kola inavyoteleza mkono ukiwa huko.

Tukubaliane neno moja kabla hatujaenda mbali. Nikisema "mguu" ni mguu wa mashine, ule wenye vidole viwili unaokandamiza kitambaa juu ya meno, yale ya chini yanayokisogeza kitambaa. Wako nitauita unyayo, goti au paja.

Mashine yenye kinyanyulio ikianza vituko, usikimbilie bisibisi ya tensheni, yaani mbano wa uzi. Legeza skrubu inayoshika pedi, itoe kabisa, shona mistari miwili mitatu kwenye kitambaa chakavu ukinyanyua mguu kwa mkono. Tatizo likiondoka, basi ni goti lako au namna kinyanyulio kilivyofungwa. Likibaki, kinyanyulio hakina kosa. Rudi kwenye sindano, uzi na bobini ya uzi wa chini kama kawaida. Jaribio hili huchukua dakika tatu, na limeniokoa kumlipa fundi mashine zaidi ya mara moja.

Uzi unajaa chini, mshono unalegea, au mashine inaruka

Hili ndilo kubwa, na ndilo linalomdanganya kila mtu. Binti mmoja ninayemfundisha aliniita siku ya pili tu baada ya kukaa kwenye mashine ya kiwandani.

"Dada, mashine imeharibika. Juu inashona vizuri, chini inatoa manywele."

Nikainama chini ya meza nisiangalie mashine kabisa. Goti lake lilikuwa limelala kwenye pedi kama mtu aliyeegemea ukuta akisubiri daladala.

"Toa goti."

"Sijasukuma, dada."

"Sijasema umesukuma. Litoe tu."

Akashona. Chini pakawa safi kama juu.

Kilichotokea ni hiki. Mashine imeundwa hivi kwamba mguu ukinyanyuka, visahani vya tensheni vinavyobana uzi wa juu vinafunguka, ili uweze kuvuta kazi itoke bila kukata uzi wala kupinda sindano. Goti likiegemea pedi kidogo tu, mguu unaweza kuonekana uko chini, lakini nguvu yake kwenye kitambaa imepungua, na pengine visahani vimeshaanza kuachia. Uzi wa juu unashuka bila kubanwa, mashine inaumeza zaidi ya inavyohitaji, na ziada inabaki upande wa chini. Kwa hiyo vitanzi vikionekana chini, anayelegea ni uzi wa juu. Fundi asiyejua hili hufungua kesi ya bobini na kukaza kile kiskrubu kidogo. Siku goti litakapokaa sawa, tensheni yote ya chini itakuwa imeshavurugwa, na hapo ndipo matatizo mawili yanaanza kuonekana kama moja.

Mashine kuruka na kitambaa kwenda kwa kusuasua vinatoka hapohapo. Mguu usipokandamiza sawasawa, kitambaa kinapanda na sindano inapotoka, kitanzi cha uzi hakikai vizuri, ndoano ya chini inapita bila kukidaka. Ukisukuma kitambaa kwa mkono ili kukisaidia, sindano inapinda, inagonga bamba la chuma lililo chini yake, inavunjika.

Dalili inayolitambulisha kosa la goti kati ya makosa mengine ni kwamba linakuja na kuondoka. Sentimita kumi nzuri, tano mbaya, kisha nzuri tena. Tensheni iliyokaa vibaya huharibu mshono wote sawasawa; goti huharibu pale ulipojisahau. Ukiona ubaya unatokea zaidi kwenye mistari mirefu, unapotulia na kuacha mwili ulegee, tayari umepata jibu.

Dawa ni nafasi. Ukiwa umekaa sawa, unyayo uko kwenye pedali, pitisha vidole viwili kati ya goti na pedi. Vikipita bila kubanwa, umbali ni mzuri. Visipopita, sogeza pedi kulia. Mashine nyingi za kiwandani zina skrubu kwenye shina la pedi inayokuruhusu kuizungusha na kuipandisha au kuishusha. Goti halikai kwenye pedi. Linakwenda, linasukuma, linarudi.

Mguu haushuki mpaka chini hata ukiwa umetoa goti

Angalia kwanza kishikio cha nyuma. Usicheke. Ukishazoea goti, kile kishikio unakisahau kabisa, na siku moja mtu mwingine ameitumia mashine akakiacha juu. Mguu unaning'inia, wewe unashona hewani.

Kama kiko chini, itikise pedi kwa vidole. Lazima iwe na mchezo kidogo, yaani isogee kidogo kabla haijaanza kuugusa mguu. Isipokuwa na mchezo wowote, kinyanyulio kinaushikilia mguu juu muda wote. Mara nyingi ni ile skrubu ya kurekebisha, iliyo chini ya trei ya oili karibu na mhimili wa kinyanyulio, imezungushwa kupita kiasi na mtu aliyetaka mguu upande zaidi. Legeza nati yake, irudishe taratibu huku ukitikisa pedi, ukiupata mchezo kaza nati.

Kuna sababu nyingine isiyohitaji spana. Chini ya meza za mafundi panakaa kila kitu: mfuko wa vipande, ndoo ya chakula cha mchana, viatu vya kubadilisha. Kwenye banda letu palikuwa na mfuko wa salfeti wa mabaki ya vitenge uliokuwa ukijaa siku hadi siku, na Ijumaa moja ukaanza kuisukuma pedi. Tulipekua mashine nzima kabla mtu hajatazama chini.

Mguu ukishuka kwa kusita, au ukabaki juu mpaka uugonge kidole, shuku fimbo inayoubeba. Vumbi la kitambaa likichanganyika na oili iliyokaa muda mrefu hugeuka gundi. Futa, weka tone la oili ya cherehani, nyanyua na kushusha mara kumi. Oili ya cherehani, nasema. Mafuta ya kupikia yanateleza leo, na baada ya mwezi yanakamata kama varnishi; nimeona mashine nzuri iliyokufa kwa sababu ya mafuta ya alizeti.

Mguu haunyanyuki, au unanyanyuka kidogo tu

Kama mashine imetoka kulazwa nyuma kwa ajili ya usafi au kubadilisha oili, sababu iko wazi kabisa. Kati ya kinyanyulio cha chini na kichwa cha mashine kuna kifimbo cha chuma kinachosimama kwenye tundu la trei ya oili. Hakijafungwa popote, kimesimama tu. Ukikilaza kichwa cha mashine, kifimbo huweza kuinama au kuanguka ndani ya trei. Ukikirudisha kichwa, pedi inasukuma hewa. Zima mashine, laza kichwa tena, simamisha kifimbo, rudisha taratibu. Mashine za mtumba mara nyingine hufika bila hicho kifimbo kabisa, kimepotea njiani, na muuzaji atakuapia kwamba kinyanyulio cha goti "ni urembo tu". Kabla hujalipa, inama chini ya meza ukisukume mwenyewe.

Ikiwa pedi inazunguka lakini mhimili hauzunguki nao, skrubu ya kuishika imelegea. Kaza. Inalegea yenyewe kwa mtikisiko, hasa ikiwa meza haijasimama sawa sakafuni.

Na ikiwa mguu unanyanyuka lakini si vya kutosha kuingiza kitambaa kinene, hapo ndipo pa kugusa skrubu ya kurekebisha, kwa adabu. Chukua mfano wa Juki DDL-8700, mashine inayojulikana sana kwenye vyumba vya ushonaji. Kwa kishikio cha mkono mguu wake hupanda milimita 5.5. Kwa goti hupanda milimita 10 ikiwa imefungwa kama inavyotoka kiwandani, na unaweza kuirekebisha mpaka 13. Tofauti hiyo ya mkono na goti peke yake ni sababu tosha ya kujifunza kutumia goti: tabaka nene za jinzi kwenye mkanda wa suruali zinazogoma kuingia kwa mkono zinaingia kwa goti bila kupigana nazo.

Lakini ukishavuka milimita 10, kuna hatari. Sindano ikiwa chini kabisa, kishikizo chake kinakuwa chini pia, na mguu uliopanda juu mno utakutana nacho. Kwa hiyo baada ya kurekebisha, zima mota, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ifike chini kabisa, kisha sukuma goti mpaka mwisho. Ukisikia chuma kimegusa chuma, punguza.

Mashine inakimbia unaponyanyua mguu

Unasukuma goti kulia ili ugeuze kona, na palepale mashine inapiga mishono mitano kwenye hewa. Mtu anashtuka, anaachia goti, mguu unaangukia pale usipotakiwa. Mafundi waliotoka kwenye cherehani ya miguu hupata hili zaidi ya wengine, na sababu iko kwenye mazoea yao wenyewe. Kwenye cherehani ile nyayo zote mbili zimelala kwenye bamba, mwili mzima unabembea nalo, na ukiacha kukanyaga hakuna kinachotokea. Kwenye mashine ya mota, uzito wa unyayo peke yake unaitosha mota kuanza.

Sasa, goti likienda kulia, unyayo hauwezi kubaki ulivyokuwa. Ama utazunguka, ama utabonyea. Mtu asiyefundishwa hubonyeza kwa vidole ili apate nguvu ya kusukuma, na vidole ndivyo vilivyoko mbele ya pedali.

Jifunze hivi, mota ikiwa imezimwa. Weka uzito wako kwenye kisigino, siyo kwenye vidole. Sukuma goti kulia, ukiacha unyayo uzunguke juu ya kisigino kama mlango kwenye bawaba. Vidole vilegee. Rudia mara ishirini mpaka uone pedali haisogei hata kidogo. Kisha washa mota, teremsha kasi, rudia ukiwa na kitambaa lakini bila uzi. Ukiwa na mota ya sevo, ile ya kielektroniki, kasi inapunguzwa kwa kitufe au kidude cha kuzungusha kwenye kisanduku chake. Iteremshe bila aibu, hakuna anayekupigia saa. Ukiwa na mota ya klachi, ile inayozunguka muda wote ikiwa imewashwa, huna anasa hiyo, na kisigino chako ndicho breki, kwa hiyo zoezi la mota kuzimwa lifanye siku mbili badala ya moja.

Viatu nivitaje pia. Ndala zinateleza na kunasa kwenye ukingo wa pedali. Viatu vyenye soli nene vinakunyima hisia. Mimi nashona peku, na kwa hili sitaki ushauri wa mtu.

Goti linauma, paja linachoka, mgongo unalia

Maumivu ya upande wa nje wa goti jioni maana yake unasukuma kwa goti lenyewe, unalipinda kando. Goti halikuumbwa kwenda kando. Limeumbwa kukunja na kukunjua. Nguvu itoke nyongani, paja lote liende kulia kama unavyopanua miguu ukikaa kwenye mkeka, na goti liwe ndilo linalogusa tu.

Ukishasukuma kutoka nyongani na bado ni kuzito, angalia mambo matatu. La kwanza ni kikandamizo cha mguu, ile skrubu ya juu ya kichwa. Ikiwa imekazwa kwa ajili ya turubai na wewe unashona kitenge, kila mara unaponyanyua unapigana na springi bure. Legeza nati, zungusha skrubu kinyume cha saa nusu mzunguko, jaribu, na uache pale ambapo kitambaa bado kinakwenda sawa bila kuteleza. La pili ni urefu wa shina la pedi. Pedi ikiwa karibu sana na mhimili, inakuwa nzito. Ukiishusha chini, inakuwa nyepesi ingawa goti litakwenda mbali kidogo zaidi. Ni kanuni ileile ya mlango: usukume karibu na bawaba uone. La tatu ni kiti.

Kiti nataka nikiseme kwa kirefu kidogo. Stuli ya chini inakufanya magoti yapande juu ya nyonga, na paja likiwa limepanda haliwezi kufunguka kwenda kulia bila mgongo kupinda. Panda mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Ukikosa stuli nyingine, mto uliokunjwa unatosha. Na usikae katikati ya meza. Kaa mbele ya sindano. Anayekaa katikati ya meza anajikuta pedi iko kwapani mwa goti lake, hana pa kusukumia.

Viti vya ofisini vyenye magurudumu vimeingia sana kwenye maduka ya mafundi, vinauzwa mtumba na vinaonekana vya kisasa. Ukisukuma pedi kulia, kiti kinakusukuma kushoto. Kila kona unayogeuza unasogea vidole viwili, na baada ya kola mbili umekaa mbele ya stuli ya jirani. Ondoa magurudumu au tafuta stuli ya miguu minne.

Halafu mavazi. Mwongozo wa mashine hautakuambia haya kwa sababu aliyeuandika hakuwahi kushona amejifunga kanga. Kanga iliyofungwa vizuri kiunoni inabana mapaja pamoja; ndiyo kazi yake. Goti likitaka kwenda kulia, kanga inalirudisha, au inafunguka na kukuaibisha mbele ya wateja. Sketi nyembamba ni hivyohivyo. Ninachofanya ni kufunga kanga kwa upana, na mkunjo wake uwe upande wa kulia, ili nguo ifunguke inapotakiwa. Dera halina shida hiyo, lina shida nyingine: kitambaa chake kinaangukia kati ya goti na pedi, kinajikunja, na pedi inabaki imesukumwa kidogo. Tumerudi kwenye manywele ya chini. Mwanamume mwenye kanzu au kikoi, haya yanakuhusu pia.

Kona inaruka, au mshono unahama unapoachia goti

Ukigeuza kona huku sindano ikiwa chini kabisa, uzi bado haujadakwa na ndoano. Ukizungusha kitambaa, kitanzi kinapotea, na mshono wa kwanza baada ya kona unaruka. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ifike chini na ianze kupanda, kama milimita 2 hivi, na hapo ndoano imeshakidaka kitanzi. Kisha goti, geuza, achia. Kola ya shati la shule ina ncha mbili, na kila mzazi anaangalia ncha hizo kabla ya kuangalia kitu kingine.

Mshono unaohama baada ya kona unatoka kwenye kuachia goti kwa ghafla. Mguu unaanguka, unakipiga kitambaa, na tabaka la juu linateleza. Lirudishe goti taratibu, kama unavyoweka sufuria ya uji mezani. Kwenye hariri na satini mimi hulishusha nusu, naangalia, halafu nalishusha lote.

Kitambaa kikigoma kutoka mwishoni mwa mshono ingawa umenyanyua mguu, usikivute. Kile chuma cha mashine kinachopanda na kushuka kikivuta uzi wa juu hakijafika juu kabisa. Malizia mzunguko kwa gurudumu, goti lifike mpaka mwisho, sio nusu, halafu vuta kuelekea nyuma.

Mashine za nyumbani zenye tundu mbele

Mashine ndogo zenye kinyanyulio, kama Juki TL-2010Q au Bernina nyingi, huja na fimbo iliyopinda unayoichomeka kwenye tundu mbele. Walio Ulaya na Marekani wanazo kwa wingi. Kwetu huja kidogokidogo kwenye makontena. Tatizo lake kubwa ni meza. Fimbo inashuka mbele ya ukingo, kwa hiyo mashine lazima ikae ukingoni kabisa. Ukiiweka katikati ya meza ya chakula, fimbo itagota kwenye mbao na utadhani imevunjika. Meza zenye droo au ubao mpana chini ya ukingo hazifai, paja halitapita.

Kwenye Bernina, mguu unaponyanyuliwa kwa goti meno nayo yanashuka. Anayetoka mashine nyingine huona kitambaa kinateleza huru kila upande akadhani meno yameharibika. Achia goti, piga mshono mmoja, yatarudi.

Na ukikutana na Singer ya umeme ya zamani, iliyo kwenye sanduku la mbao, yenye fimbo ya goti inayofanana kabisa, tahadhari. Kwenye nyingi kati ya hizo fimbo hainyanyui chochote. Ndiyo pedali yenyewe, inaendesha mota. Niliisukuma moja kwa nguvu nikitaka kunyanyua mguu, kidole kikiwa karibu na sindano. Kucha ilirudi baada ya miezi.

Kila kitu kiko sawa, lakini mkono bado unakwenda nyuma

Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye mashine. Mkono wa kulia umefanya hivyo miaka kumi, hautaacha kwa kuambiwa. Mimi nilifunga kishikio cha nyuma kwa kipande cha uzi mwekundu, nikikigusa najua nimejisahau. Siku ya kwanza nilikigusa mara nyingi mno hata nikaacha kuhesabu.

Kwa mazoezi chukua karatasi ya daftari ya mistari, toa uzi kwenye sindano, na ufuate mistari ukichora ngazi: mishono mitano mbele, goti, geuza, mishono mitano, goti, geuza. Karatasi inaonyesha matundu, kwa hiyo kila kosa la kisigino na kila goti lililochelewa vinabaki vimeandikwa. Dakika kumi kwa siku kabla wateja hawajafika. Baada ya karatasi, nenda kwenye mfuko wa kiraka wa shati, ambao una kona nne na mistari mifupi. Usianze na nguo ya mteja aliyelipa nusu.

Binti niliyemtaja juu alichukua wiki tatu. Juzi nilimkuta anashona marinda ya sketi za bluu, mikono yote kwenye kitambaa, goti linakwenda na kurudi bila yeye kulitazama, na anabishana na jirani kuhusu bei ya nyanya. Kwenye kishikio cha nyuma vumbi limeshaanza kukaa.